Nimemwandika mpenzi wangu kama mhusika, naye amesoma

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni msichana wa mwaka wa tatu chuoni, nasomea fasihi. Naomba usinitaje jina wala chuo, maana ninayemwandikia habari zake naye husoma safu yako, na mara nyingi ndiye anayenisomea kwa sauti.

Muhula huu nimechukua somo la hiari linalohusu mahusiano ya watu katika riwaya na filamu. Halina mtihani. Kila mwanafunzi ana daftari la tafakuri: unasoma riwaya au unatazama filamu, kisha unaandika kilichokugusa na kwa nini. Siku ya kwanza mhadhiri alituambia, "Sitaki kujua kitabu kinasemaje. Nataka kujua kimekukuta wapi." Kazi hiyo nikaipenda kupita kiasi. Mimi niliyekuwa naandika insha usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, nikawa naandika hata pasipo kuulizwa.

Nikutajie chache ili unielewe. Niliandika juu ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, hasa juu ya Zakaria, yule baba mlevi anayempiga mkewe Regina. Darasa zima lilimlaani. Mimi nilijitahidi kumwelewa, nikatafuta ni wapi mtu huyo alianza kuharibika. Niliandika juu ya Before Sunrise, filamu ya Richard Linklater ya 1995, ambamo kijana na msichana wanakutana ndani ya treni, wanashuka Vienna na kutembea usiku kucha wakizungumza. Nikatazama na ya pili, ya 2004, wanapokutana tena Paris baada ya miaka tisa. Ya tatu, ya 2013, niliizima katikati. Walikuwa wameanza kugombana hotelini na sikutaka kuwaona hivyo.

Halafu nikaandika juu ya filamu ya Asghar Farhadi wa Iran, iliyotoka 2011, inayojulikana kwa jina la A Separation. Mke anataka wahame nchi, mume hataki kumwacha baba yake mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wanakwenda kuomba talaka. Mimi nilichokiona mle ni ukimya: watu wawili ambao bado wanatakana, lakini kila mmoja anasubiri mwenzake aseme kwanza. Na hapo ndipo nilipomwingiza mpenzi wangu.

Tuko pamoja tangu mwaka wa kwanza. Yeye anasomea uhandisi. Ni mtu mpole, anayejulikana kwa upole. Niliandika hivi, nanukuu daftari langu neno kwa neno:

"Akikasirika hagombi. Anaondoka mezani, anafungua bomba, anaanza kuosha vikombe ambavyo tayari ni safi. Anaviosha kimoja kimoja, amenipa mgongo, mpaka nijione mgeni. Huu ndio ukatili wa watu wapole: wanakuadhibu bila kukugusa."

Mhadhiri aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Hapa umekuwa mwandishi." Akaniita ofisini, akasema anataka tafakuri hiyo iingie katika jarida la idara. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi kumpelekea nakala safi. Mshauri, sijawahi kusifiwa vile tangu nianze shule.

Wiki iliyofuata nililisahau daftari chumbani nikampigia simu mpenzi wangu aniletee. Alichelewa. Alipofika alinikabidhi na kusema, "Nimesoma." Nikacheka nikidhani anatania. Akasema, "Zakaria umempa kurasa tatu za huruma. Mimi umenipa mistari mitatu na hukumu." Nikamweleza kwamba ni zoezi tu la darasani. Akauliza, "Kwa hiyo mimi ni zoezi?" Kisha, kwa sauti yake ileile ya kawaida, akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Kwao, wakubwa wakigombana, vyombo vilikuwa vinaruka. Yeye akiwa mdogo alijifunza kukimbilia vikombe na kuvitumbukiza kwenye maji mapema, visiwe karibu na mkono wa mtu. "Nikikasirika mikono yangu inatafuta vikombe," alisema. "Hujawahi kuniuliza." Alipokuwa anaondoka akageuka: "Wewe hunipendi, unanisoma."

Nimeomba radhi sijui mara ngapi. Anasema yamekwisha. Anaongea nami vizuri, vizuri mno kama mtu wa mapokezi. Nikinyamaza kidogo au nikimtazama sana, anauliza, "Na hii nayo utaiandika?"

Rafiki yangu tunayesoma naye ameniambia nimekuwa Emma wa Madame Bovary, riwaya ya Mfaransa Flaubert, yule mwanamke aliyesoma hadithi za mapenzi mpaka mumewe akamchosha. Alisema kwa utani, lakini sikulala. Ni kweli huwa namlinganisha. Ni kweli kuna siku tumekaa kimya nikawaza wale wa Vienna wangekuwa wanazungumza.

Sijamwambia mhadhiri lolote. Niiondoe tafakuri kwenye jarida? Niache kuandika? Au vitabu na filamu hizi zimeniharibu kiasi kwamba siwezi tena kumpenda mtu wa kawaida? Na je, inawezekana shida ni kwamba simpendi vya kutosha, na daftari limenitangulia kusema?

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu


JIBU

Marahaba binti yangu,

Barua yako ina mambo matatu uliyoyafunga kitita kimoja: ukurasa ulioandika, uhusiano wenu, na tabia yako ya kusoma. Unaniuliza kana kwamba ukiliamua moja, mengine yatajiamua yenyewe. Mimi naona afadhali tuyafungue, kwa sababu unaweza kuiondoa tafakuri kwenye jarida leo jioni na kesho mkabaki mnaongea kama watu wa mapokezi. Na unaweza kuichapisha mkapatana. Yote yametokea kwa watu.

Nianze na vikombe, maana kila nikiirudia barua yako nakwama pale kwenye bomba.

Ulichokiona ulikiona sawasawa. Anaondoka mezani, anakupa mgongo, anaosha kilicho safi. Yeye mwenyewe hakukanusha hata kimoja. Mhadhiri wako hakukosea kukusifu. Si kila mtu anaona kwamba vikombe vilikuwa safi tayari. Kinachouma kiko katika sentensi ya mwisho, ile ya ukatili wa watu wapole. Ni sentensi nzuri kwa masikio, naikiri, na nadhani ndiyo iliyomfurahisha mwenye wino mwekundu. Lakini hapo uliacha kutazama ukaanza kutoa maana, na maana hiyo uliitoa peke yako.

Kwa Zakaria una ruhusa hiyo. Kezilahabi amekupa alichokupa, pengo lililobaki unalijaza kwa akili yako, na Zakaria hatakuja kubisha hodi aseme umemwelewa vibaya. Hiyo ndiyo raha ya riwaya, na sioni haya kukwambia kwamba ndiyo raha yangu pia. Mpenzi wako amebisha hodi. Aliposema "hujawahi kuniuliza" nadhani hilo ndilo alilokuwa analalamikia, zaidi ya kulinganishwa na watu wa filamu. Wewe umeshikilia la kulinganishwa. Soma tena maneno yake uone kama nami nimeyasikia vibaya.

Sasa, naomba tusiende haraka upande wa pili nao. Hadithi yake ya vyombo vinavyoruka inagusa, na naona imekunyamazisha. Lakini kujua chanzo cha jambo hakuondoi jambo lenyewe. Mtoto aliyekimbilia vikombe alikuwa anaokoa nyumba. Msichana aliyeachwa mezani naye anabaki mpweke mezani. Ulisema unajiona mgeni. Hilo lilikuwa kweli kabla hujajua, na bado ni kweli. Hofu yangu ni kwamba kuanzia sasa utaona aibu kulisema, kwa sababu kila ukitaka kusema "ukimya wako unaniumiza" utamwona mtoto mwenye vikombe mikononi. Ukilimeza hilo kwa huruma, litatokea mahali pengine. Huenda katika daftari jingine.

Kuna kitu ningependa ukichunguze kwa utulivu: ukimya wake unaisha vipi? John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miongo mingi kuchunguza wanandoa wakizungumza na kugombana, ameeleza kwamba mtu anayejifunga na kunyamaza katikati ya ugomvi mara nyingi mwili wake umeshazidiwa: moyo unakwenda mbio, masikio hayapokei. Ushauri wake kwa hali hiyo ni kupumzika kwanza, angalau dakika 20, kisha kurudi kwenye mazungumzo. Neno la kuangalia hapo ni kurudi. Je, mwenzako akimaliza vikombe hurudi mezani? Husema chochote, hata kama si kile ulichotaka? Kama hurudi, mnaye mtu anayejituliza kwa njia aliyojifunza utotoni, na mnaweza kuipa njia hiyo lugha: aseme "nipe muda" kabla ya kugeuka, nawe usimfuate. Kama harudi, kama ukimya hukaa siku nyingi na huisha pale tu unapojishusha na kubembeleza, basi sentensi yako kali ilikuwa imenusa jambo, na hilo ni la kupeleka kwa mshauri wa ana kwa ana hapo chuoni kwenu. Mimi kwa barua siwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Wewe umekaa kwenye meza hiyo, unajua.

Turudi kwa Farhadi kidogo, maana umeichagua mwenyewe filamu hiyo. Inaanza mume na mke wameketi mbele ya hakimu, kila mmoja anaeleza upande wake, na hakimu huyo hatuonyeshwi uso. Tunasikia sauti yake tu. Wanazungumza huku wanatutazama sisi. Kiti cha hakimu tumewekwa sisi. Halafu filamu nzima inafanya kazi ya kutukalisha vibaya kwenye kiti hicho. Tukio muhimu kabisa tunanyimwa wakati linatokea, tunakuja kulijua baadaye, wakati tumeshachagua upande. Na mwisho binti yao, Termeh, anaulizwa atakwenda na nani, wazazi wanatolewa kusubiri kwenye korido, na filamu inakwisha hatujasikia jibu lake. Nakuchokoza tu, usinikasirikie, lakini ni filamu hiyo, kati ya zote, iliyokupa sentensi ya hukumu. Nikiwa mhadhiri wako ningeandika pembeni: umejuaje?

Na yeye je? Hapa nakuja kwenye jambo ulilolipita kwa mstari mmoja. Ulimwomba alete daftari, akalisoma. Inawezekana aliona kazi ya darasani si siri, kwa kuwa mhadhiri anaisoma. Inawezekana lilifunguka kwenye jina lake, na ni nani ambaye angelifunga? Inawezekana pia alijua kwamba si lake kusoma. Simfanyi mkosaji, na silinganishi uzito. Nasema tu kwamba umeomba radhi sijui mara ngapi, na sijaona popote ulipomwambia kwamba nawe uliguswa pale alipolifungua. Hukuthubutu, au hukuona kama una haki? Radhi inayoombwa mara nyingi mno huanza kumchosha anayeombwa, kwa sababu kila mara inamtaka amtulize aliyemkosea. Huenda ndiyo maana anasema "yamekwisha" kabla hayajaisha.

Vilevile, miaka yote hiyo mko pamoja na hakuwahi kukusimulia habari za nyumbani kwao. Ana haki ya kuficha. Lakini usingeweza kuuliza juu ya mlango ambao hukujua upo. Ukibeba lawama yote peke yako, utakuwa umemwandikia tena sehemu yake.

Kuhusu huyo Emma. Rafiki yako amekupiga na silaha ya zamani sana. Mwaka 1857 Flaubert mwenyewe alifikishwa mahakamani huko Paris, pamoja na mwenye jarida lililoichapa riwaya hiyo kwanza na mpiga chapa wake, wakishtakiwa kuudhi maadili ya umma na dini. Waliachiliwa. Hofu kwamba mwanamke akisoma ataharibika ina umri mrefu kuliko chuo chenu, na mimi huwa na mashaka nayo kila inapoelekezwa kwa mwanamke tu. Isitoshe rafiki yako ameisoma nusu. Mle ndani yumo Charles, mume, anayempenda mkewe kwa moyo wote na hamwoni hata kidogo. Barua za wapenzi wa Emma anakuja kuzikuta mkewe ameshakufa. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili wasiojua kusomana, na mmoja wao wala hakuwa mpenzi wa riwaya.

Kwa hiyo sidhani kusoma kumekuharibu. Mtu aliyeweza kukaa na Zakaria kurasa tatu bila kumtupia jiwe ana moyo mpana kuliko anavyojidhania. Swali langu ni dogo zaidi: kwa nini moyo huo ulifanya kazi kwenye kitabu ukachoka ulipofika mezani? Labda kwa sababu Zakaria hakukunyima chochote. Anayekunyima ni vigumu kumwelewa, na hilo si dhambi ya msomaji, ni ya kila mtu mwenye njaa ya kusemeshwa.

Ila kuna hiyo filamu uliyoizima. Wale wawili wa Vienna unaowatamani ndio haohao wa hotelini. Julie Delpy na Ethan Hawke, wanaowaigiza, walishirikiana na Linklater kuandika miswada ya filamu ya pili na ya tatu. Kwa hiyo maneno ya ugomvi ule yameandikwa na watu waliokuwa wameishi na wahusika hao karibu miaka 20. Walijua wanafanya nini. Wanaambiana mambo magumu mle chumbani, mwanamke anaondoka na kukaa nje peke yake. Mwanamume anamfuata, anajifanya msafiri aliyetoka wakati ujao, amemletea barua ambayo yeye mwanamke ataiandika akiwa na miaka 82. Mwanzoni mwanamke hacheki. Sikumalizii, ukitaka utaitazama.

Nimeitaja kwa sababu hii: wale wanagombana kwa maneno, tena mengi kupita kiasi. Mpenzi wako anagombana kwa bomba la maji. Na wewe? Barua yako inanieleza anachofanya yeye hadi rangi ya sauti yake, lakini akiwa amekupa mgongo, wewe pale mezani unafanya nini? Hukuniambia. Nimejiuliza, na naomba radhi kama nakosea, kama huwa unaandika. Kama si kwa kalamu papo hapo, basi kichwani, unapanga sentensi. Ikiwa ni hivyo, basi ugomvi wenu una watu wawili wanaokimbilia kazi za mikono, yeye vikombe, wewe daftari, na ukimya uliousikia ulikuwa wa nyinyi wote. Usikubali hilo kwa sababu nimelisema mimi. Lipime.

Haya, tafakuri na jarida. Nitakupa nionavyo kila njia na hatari zake, kisha uamuzi ni wako.

Ukiiondoa kabisa, atajua umemjali, na darasa halitapata cha kunong'ona. Hatari yake ni kwamba hakukuomba uiondoe. Utakuwa umemtolea kafara asiyoijua bei yake, na siku mtakapogombana juu ya jambo jingine kabisa, kafara hiyo itakuja mezani. Nimeona watu wakidaiana mambo ya namna hiyo miaka mingi baadaye.

Ukiichapisha kama ilivyo, bila jina, una haki ya kusema ni maisha yako pia. Mtu akikuumiza, maumivu ni yako kuyaandika. Simdharau mwandishi anayesema hivyo. Lakini jina kutokuwepo hakumfichi. Mko pamoja tangu mwaka wa kwanza, kila anayewafahamu atajua ni nani anayeosha vikombe. Na sasa kuna tofauti moja na siku ulipoandika: sasa unajua vikombe vile ni nini. Sentensi ya ukatili uliiandika hujui. Ukiichapisha leo unaichapisha unajua, na huo ni uandishi wa aina nyingine, hata kama herufi hazijabadilika.

Njia ya kuiandika upya ndiyo naona wengi wangekushauri, na nami inanivutia, kwa hiyo acha nikuonyeshe ubaya wake kwanza. Kishawishi kitakuwa kuingiza ile habari ya utotoni mwake. Kama tafakuri, itakuwa tamu mara mbili: msomaji anakutana na ukatili, halafu anageuziwa, analia. Naomba usiguse hapo bila ruhusa yake iliyo wazi. Alikwambia wewe, tena katika hali ya kujitetea; hakuliambia jarida. Kuandika upya kunaweza kuwa kitu kingine: ukabaki na filamu, ukabaki na meza, na ukajiweka wewe kwenye kiti cha hakimu asiyeonyeshwa uso. Hatari ya hapo ni kwamba mhadhiri anaweza kuona umeiua. Huenda akawa sahihi. Sentensi kali zikitolewa, maandishi mengine hubaki kama maji.

Na unaweza kumpa yeye asome kabla, kwa hiari yako safari hii, na kumsikiliza. Wapo wanandoa waandishi wanaofanya hivyo. Wengine wamekoma, maana msomaji wa kwanza akishakuwa mpenzi wako, taratibu anageuka kuwa mwenye kufuli. Leo atakwambia toa sentensi hii, kesho utakuta unaandika huku unamsikia nyuma ya bega. Kama utachagua njia hiyo, semeni kabla ni kwa ukurasa huu tu, au ni kwa kila kitu utakachoandika maishani. Ni makubaliano mawili tofauti kabisa.

Anapouliza "na hii nayo utaiandika?" sikia kwamba anauliza kama yuko salama mbele yako. Usimjibu kwa haraka kwamba hutaandika tena. Ni ahadi ambayo, kwa jinsi barua yako ilivyoandikwa, sikuoni ukiitimiza, na ukiitimiza utaitimiza kwa kinyongo. Unaweza kumuuliza, "Ungependa lipi lisiandikwe?" Jibu lake litakuwa na mpaka, na mpaka ni kitu mnachoweza kukizungumzia. Huenda akasema vikombe tu. Huenda akasema vyote, na hapo mtakuwa na mazungumzo marefu, lakini angalau yatakuwa yenu.

Ulimalizia kwa kuuliza kama hali hii inaonyesha humpendi vya kutosha. Sitalijibu, na nakuomba nawe usilijibu mwezi huu. Unasifiwa kwa mara ya kwanza maishani na unalaumiwa juu ya ukurasa uleule. Hakuna mtu anayepima mapenzi vizuri akiwa hapo. Nimeona tu kwamba maneno yake yote umeyanukuu, hata yale yaliyokuumiza, na hukujaribu kumfanya aonekane mjinga. Waandikaji wengi wa barua za safu hii huwa hawafanyi hivyo kwa wapenzi wao.

Kuhusu mwisho wa mwezi: nenda kwa mhadhiri mapema, usimsubiri akutafute. Huna haja ya kumsimulia yaliyotokea. Kumwambia kwamba ndani yumo mtu anayetambulika, na kwamba unahitaji muda, kunatosha. Amefundisha somo la mahusiano, hilo halitamshangaza. Muulize pia kama anaweza kupokea tafakuri nyingine badala ya hiyo. Kama utataka iwe juu ya ile filamu ya tatu, itazame kwanza mpaka mwisho, na usimwahidi kwamba itakuwa tayari kabla jarida halijaenda kuchapwa.

Mshauri wako